Bingwa wa Hapa Hapa

“Babu yangu alikuwa mhunzi,” mzee alimwambia promota, huku akimsogezea benchi la mazoezi. “Jembe lake halikuwahi kurudishwa na mnunuzi. Baba yangu alilinda ghala la watu utu uzima wake wote, na siku ya mazishi yake tajiri mwenye ghala alishika jeneza kwa mikono yake. Mimi nilikuwa bingwa wa ngumi wa nchi hii, na mkanda wangu hakuna aliyeninyang'anya. Niliuweka chini mwenyewe. Nakueleza haya ili uijue nyumba uliyokuja kuposa.”

Promota alicheka. “Mzee wangu, sikuja kuposa. Nimekuja kumpa mjukuu wako dunia.”

“Waposaji wote husema hivyo.”

Promota alitoa leso, akalifuta benchi, ndipo akakaa. Mzee aliliona hilo akaliweka moyoni. Jengo lile zamani lilikuwa kinu cha kusaga unga, na hata sasa, upepo ukivuma kwa nguvu, vumbi jeupe hushuka kutoka kwenye boriti na kuwatulia mabondia mabegani. Katikati ulisimama ulingo uliotandikwa turubai lenye viraka, na pembeni binti, mjukuu mwenyewe, alikuwa akilipiga gunia lililoning'inia kwa minyororo.

Mtu aliyefuata bondia hutazama miguu kwanza. Huyu hakuitazama. Aliuliza uzito wa binti, akauliza umri wake, akauliza kama pasipoti anayo. Hakuuliza mkono wake wa kushoto unafanya kazi gani, ilhali mkono huo ndio uliokuwa ukilitetemesha gunia mbele ya macho yake.

“Anavumilia?” aliuliza hatimaye.

Mzee alilipima neno hilo polepole. Bondia huulizwa kama anapiga. Anayeulizwa kama anavumilia ni punda.

“Anavumilia maswali,” alijibu. “Mwite umuulize.”

Binti alikuja akijifuta jasho kwa kiwiko, akasalimu kwa adabu. Promota akamwonyesha picha kwenye simu: ukumbi mkubwa, taa kama mchana, watu wamejaa hadi juu.

“Hapa ndipo utakapopanda, dada yangu, baada ya wiki tatu. Ukishuka pale, nani atakuita tena bingwa wa hapa hapa?”

Mzee aliona taya la binti likikakamaa. Jina hilo lilikuwa la mtaani, na aliyelianzisha alikuwa kinyozi wa pale kona. Kuta za kinyozi zilijaa picha za mabondia waliopigana nje. Binti alipompelekea picha yake akiwa amevaa mkanda wa taifa, kinyozi aliitazama kwa heshima zote, akamrudishia. “Wewe bado bingwa wa hapa hapa,” alimwambia. “Piga mtu nje huko, nitambandua huyu mwenye masharubu nikubandike wewe.” Wateja walicheka, na jina likatoka mlangoni kabla yake.

“Mpinzani ni nani?” mzee aliuliza.

“Mwenyeji wao. Hajapoteza hata pambano moja. Aliyepangwa naye kaumia bega, kwa hiyo nafasi imeanguka tu, mzee wangu. Bahati.”

“Imeanguka, au imeangushwa?”

“Mzee, wewe nawe.”

“Nauliza tu. Na huko kuna baridi kali. Mtoto atakaa muda gani?”

“Baridi isikutie hofu.” Promota alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali jepesi. “Anapigana usiku, alfajiri yuko ndegeni. Hatapata hata mafua.”

Mzee aliwahi kuwalea vijana wawili waliopelekwa nje kwa safari za namna hiyo, na wote wawili alikwenda kuwapokea mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuwapokea. Walitoka uwanja wa ndege wamevaa miwani myeusi. Mshindi hubaki, kuna waandishi, kuna wapiga picha, kuna watu wanaotaka kumshika mkono. Anayepakiwa ndegeni alfajiri ni yule ambaye wenyeji wameamua mapema kwamba asubuhi hatakuwa na la kuwaambia watu.

Alimshika mjukuu wake mkono, wakazunguka nyuma ya ulingo.

“Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Umesikia nini?”

“Kwamba kurudi kwangu kumeshapangwa, babu. Kushinda ndiko hakumo kwenye mipango.”

“Basi tumemaliza. Namtoa kwa adabu.”

“Hatujamaliza.” Binti aliongea kwa sauti ya chini, bila kumkwepa macho. “Wote wa uzito wangu hapa nimeshawapiga, wengine mara mbili. Yule wa mwisho aliniomba nisimguse usoni, Jumamosi ana harusi ya dada yake. Nitapigana na nani tena, babu? Na hilo gunia?”

“Heshima ya mtu iko kwao. Mimi sikuvuka mpaka wowote, na nikipita njiani watu wananiamkia.”

“Wazee wenzako. Kwa kinyozi picha yako ilikuwepo?”

“Ilikuwepo.”

“Iko wapi?”

Mzee alirekebisha kola ya shati lake, ambayo haikuwa na kasoro.

“Aliitoa alipopaka rangi,” binti alimjibia. “Za wale wengine alizirudisha.” Kisha, taratibu zaidi: “Bibi aliniambia nawe uliitwa kupigana nje. Kwa nini hukwenda?”

“Walitaka mtu wa kupigwa.”

“Walikwambia hivyo?”

“Watu hao hawasemi.”

“Kwa hiyo hukujua.”

“Mimi sikuogopa ngumi ya mtu.”

“Hilo sikukuuliza, babu.”

Mzee alimtazama kwa ukali, akitafuta utovu wa adabu usoni mwake ili amkemee. Hakuuona. Shaka aliyokuwa amemkazia mgeni tangu aingie mlangoni ilimgeukia mwenyewe, ikasimama mbele yake, na hakuwa na benchi la kuikaribishia.

Alirudi kwa promota.

“Badili tiketi.”

“Mzee wangu, tiketi ni tiketi tu.”

“Kama ni tiketi tu, ibadili. Arudi siku ya tatu baada ya pambano. Na kwenye kona yake nitakaa mimi.”

“Wenyeji hawatapenda.”

“Wasipende kwa nini? Kuna wanachokijua?”

Tabasamu la promota lilibaki mdomoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Alisimama, akalikung'uta koti lake, akasema ngoja awapigie. Akatoka, akavuka barabara, akasimama upande wa pili chini ya kivuli cha ukuta.

Mzee akavaa pedi mikononi. Binti alipanda ulingoni, lakini shingo yake ilielekea mlangoni.

“Akikubali?” aliuliza.

“Tutajua hawakuwa na hakika ya kukushinda.”

“Akikataa?”

“Tutajua walikuwa nayo.”

“Na mimi nikisema nitakwenda kwa tiketi hiyo hiyo?”

Mzee aligonga pedi moja kwa nyingine, na mlio ukarudi kutoka kwenye mabati.

“Nitazame mimi, si mlango. Nyinyi vijana makofi ya mbali mnayasikia, aliye mbele yenu hamumsikii. Sasa nisikilize, tena leo, nikiwa bado napumua. Majaji wa huko si wako, na kengele si yako. Mkono wako wa kushoto usiurushe ili uhesabiwe. Urushe ili aliyepigwa ajue, hata wengine wote wakikana. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Rudia.”

Hakurudia kwa mdomo. Ngumi ya kushoto iliingia katikati ya pedi, na bega la mzee likalipokea pigo hilo kwa ndani kabisa, mahali ambapo pigo halikuwa limefika kwa miaka mingi. Alirudi hatua moja, akajipanga, akainua pedi tena.

Ng'ambo ya barabara promota alikuwa ameacha kuongea kitambo. Simu ilikuwa bado sikioni, sikio la pili ameliziba kwa kidole, na alikuwa akiwasikiliza wenyeji tu.