Mshale Unaopanda Mlimani

Walipofika kwenye kona ya mawe, pale lami inapokoma na barabara ya changarawe inapoanza kuupanda mlima, mshale wa kipimo cha joto la injini ulianza tena vituko vyake. Sindano, aliyekuwa akiendesha, aliutazama kwa pembe ya jicho. Tangu watoke nyumbani ulikuwa umetulia katikati ya kipimo, mpole kama mtoto aliyeahidiwa peremende. Gari liliporuka kwenye mashimo ya kwanza ukatikisika, ukapanda, ukagusa alama nyekundu na kukaa hapo hapo kama mgeni asiyejua kuaga.

Aliegesha gari kando, akazima injini, kisha akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa ameketi kando yake na mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na shali ambayo Sindano alikuwa ameishona kwa ajili ya mama yake mkubwa, na ambayo kwa mara nyingine ilikuwa imefika kwenye kona hii na ingerudi nyumbani bila kufunguliwa.

Jina la Sindano alipewa na watu wa mtaani, nusu kwa sababu ya cherehani yake, na nusu kwa sababu ya ulimi wake. Siku hiyo hata ulimi ulikuwa umemwisha makali. Alishuka, akafungua boneti, akasimama akiitazama injini kama mtu anayemtazama mwanawe aliyedanganya. Hapakuwa na mvuke. Hapakuwa na maji yaliyomwagika. Alizungushia kitambaa kwenye mpira mnene unaopeleka maji kwenye rejeta, akaushika. Ulikuwa na moto, lakini moto wa kuvumilika. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Gari lililochemka kweli lingetoa moshi na kupiga kelele, na mtu angejua linalalamika nini. Hili lilinuna tu.

Hata hivyo hakuthubutu kuendelea. Marehemu baba yake, mwenye gari hilo kabla yake, alikuwa amewafundisha kwamba mshale ukigusa nyekundu, dereva husimama, hata kama amempakia mfalme. Basi walisubiri injini ipoe, wakageuza.

Safari yenyewe haikuwa ya anasa. Mama mkubwa, dada wa pekee wa mama yake, aliishi juu ya mlima ule, na macho yake yalikuwa yakipoteza nuru siku hadi siku. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba dawa ya kuyarudisha haipo. Mama mkubwa alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: alitaka kuuona uso wa mdogo wake kabla giza halijamfunga macho. Yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kushuka. Mama naye, tangu alipovunjika nyonga, hakuweza kukaa katika gari jingine lolote. Kiti cha mbele cha gari hili kuukuu, ambacho mumewe alikiinua na kukijaza pamba kwa mikono yake, ndicho pekee kilichomkubali. Walijaribu teksi mara moja. Alirudishwa kabla ya kufika mwisho wa mtaa, ameuma midomo, machozi yakimtoka.

Fundi wa magari alikuwa mtu mwembamba aliyechomeka kalamu nyuma ya sikio, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiandika. Kwa kila malalamiko alikuwa na kitu cha kubadilisha. Alianza na thamostati inayodhibiti maji ya kupozea injini. Akaizibua rejeta na kuiosha. Akabadilisha mkanda wa feni, kisha sensa ya joto iliyochomekwa kwenye injini. Kila alipomaliza aliliendesha gari kuizunguka mitaa ya lami, akarudi akipiga mluzi, mshale ukiwa umetulia tuli.

"Dada, gari hili halina ugonjwa," alimwambia Sindano alipolirudisha kwake kutoka kwenye kona. "Linakuogopa wewe."

Sindano alimjibu kwamba kama magari yangekuwa na akili ya kuogopa, hili lisingeingia katika gereji ile. Akamtaka alipeleke mlimani, akajionee mwenyewe. Fundi akamwonyesha foleni ya magari yaliyomsubiri, akasema mlima hauhusiani, joto ni joto. Sindano aliondoka pale kwa hasira. Kati yake na injini, aliyechemka alikuwa yeye.

Nyumbani alikuwako Brashi, mdogo wake, ambaye hakumpunguzia chochote. Brashi alikuwa mpiga rangi wa magari kama baba yao. Alirithi mashine ya kupulizia rangi, na alirithi imani ya mzee kwamba chuma kuachwa uchi ni aibu ya ukoo mzima. Baada ya matanga alilivua gari lile kila kitu, akalipaka manjano upya, ndani na nje, hadi sehemu ambazo hakuna jicho lingezifikia. Alipomsikia dada yake akilalamika, alisema kwamba fundi yule ni mchinjaji, kwamba gari la Baba halijawahi kuchemka, na kwamba dawa ni kubandika karatasi juu ya kipimo na kwenda zao.

"Na injini ikifa katikati ya mlima, utambeba Mama mgongoni?" Sindano alimuuliza.

Brashi alicheka, akasema Mama si mzito. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, hakucheka.

Kesho yake jirani wa Mama mkubwa alipiga simu. Alisema bibi sasa anapapasa meza kukitafuta kikombe kilicho mbele yake. Mama alipokea habari hiyo amekaa kitandani, akaikunja upya shali ambayo haikuwa imekunjuka. Hakumlaumu mtu. Sindano alitamani alaumiwe.

Alimpakia Mama garini, akaenda moja kwa moja gereji, akaegesha katikati ya lango. Fundi alipomwomba asogeze gari, watu wapite, alizima injini na kukunja mikono. Alimweleza, kwa sauti ya chini ambayo waliomjua waliiogopa kuliko kelele, kwamba atasogea fundi akishaingia kiti cha nyuma. Wateja walianza kupiga honi. Fundi alitazama foleni, akamtazama bibi kizee kwenye kiti cha mbele, akafuta mikono, akaingia.

Kwenye kona ya mawe, gari liliruka, mshale ukapanda. Sindano alisikia kitu kinachokaribia furaha. Angalau sasa kulikuwa na shahidi.

"Umeona?" alisema.

Fundi alikiri ameona, akaanza kuzungumzia pampu ya maji, ambayo alikuwa hajaibadilisha bado. Ndipo Mama alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu watoke.

"Mimi hamniulizi," alisema. "Lakini gari hili lina baraka. Kila tukifika hapa, tangi la petroli hujijaza lenyewe."

Sindano alidhani mama yake anafanya mzaha ili kupunguza uchungu. Hata hivyo alitazama. Kipimo cha petroli kilikuwa kando ya kile cha joto, na mshale wake ulikuwa umesimama juu kabisa, kwenye alama ya kujaa. Yeye mwenyewe alijua kwamba tangi lilikuwa nusu. Safari zote zile alikuwa akikodolea macho mshale mmoja, naye Mama, asiye na kazi ya kufanya kwenye kiti chake, akiitazama yote miwili.

Fundi aliacha kuzungumzia pampu. Alishuka, akaushika mpira wa maji, akarudi na kuchungulia dashibodi kwa muda mrefu. Alieleza kwamba nyuma ya vipimo kuna kijisanduku cha bati kinachopunguza umeme kabla haujaifikia mishale hiyo. Ili kifanye kazi, lazima kigusane na chuma cha bodi ya gari. Kisipogusana, umeme hupita bila kupunguzwa, na mishale yote miwili hupanda pamoja. Injini ilikuwa nzima. Kilichougua ni kipimo.

"Na hiyo sensa uliyobadilisha?" Sindano alimuuliza.

"Ilikuwa nzima pia," fundi alijibu, akitazama dirishani.

Walirudi hadi kwenye karakana ya Brashi, wakafungua dashibodi. Kijisanduku kilikuwa mahali pake, kimefungwa kwa skrubu moja, kimekalia rangi ya manjano nene, inayong'aa kama kioo. Skrubu ndiyo pekee iliyofikia chuma, tena kwa kubahatisha. Kwenye lami iligusa, kwenye mashimo ikaachia. Fundi aliomba msasa.

Brashi hakutoa msasa. Alisimama mbele ya mlango wa gari kama askari. Sindano alikuwa tayari kumchoma kwa maneno ya kumtosha mwaka mzima, lakini aliuona uso wa ndugu yake, akayameza.

"Rangi ya humo ndani aliichanganya Baba," Brashi alisema. "Ndiyo kopo lake la mwisho. Niliiweka mahali ambapo jua halitaifikia."

Kisha Sindano akamwambia kwamba Mama mkubwa sasa anapapasa kikombe.

Brashi aliuchukua msasa, akainama chini ya dashibodi, akakwangua mwenyewe. Alikwangua mahali padogo, upana wa kitufe, akapapaka mafuta pasishike kutu, akakifunga kijisanduku. Alipotoka, vumbi la manjano lilikuwa limemjaa kwenye kope, naye hakulifuta.

Mchana huo huo Mama na Sindano, peke yao, walipita kona ya mawe. Gari liliruka, likayumba, likapanda. Mishale yote miwili ilikaa mahali pake, na Sindano, ambaye hakuiamini hata kidogo, aliitazama kwa zamu hadi shingo ikamuuma.

Mama mkubwa alikuwa ameketi nje, kwenye benchi mlangoni. Alisimama kabla gari halijasimama. Sindano alifikiri amesikia injini, lakini bibi alikuwa amenyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Nimeona manjano yanapanda," alisema. "Nikajua ndio ninyi."

Mama alisaidiwa kushuka. Dada yake aliushika uso wake kwa viganja viwili, akaugeuza kwenye mwanga, akausogeza karibu, kisha karibu zaidi, mpaka mapaji ya nyuso zao yakagusana.

"Simama vizuri," alisema. "Naona nywele. Naona na kidevu. Hapa katikati pananikwepa."

Sindano alirudi garini kuichukua shali. Alitazama vile vipimo viwili na hasira ikampanda upya, ya safari zote zile walizogeuza njiani huku macho ya Mama mkubwa yakizidi kufifia. Na ingembidi amweleze Brashi kwamba ni manjano yake ambayo Mama mkubwa aliyaona kutoka mbali, jambo ambalo lingemvimbisha kichwa hadi mwaka kesho. Alifungua mkoba, akaikunjua shali, akashuka.