Jicho la Mkaguzi

...na bado limefumba, jicho la kushoto, mchana kweupe, jua limeshapanda juu ya vilima vya Goba na kinyonga mzima saa hizi angekuwa anazungusha macho yote mawili, moja huku moja kule, ndiyo maana Mzee Tusajigwe akambatiza jina la Mkaguzi, kwa kumbukumbu ya mkaguzi mmoja aliyekuwa akiwatembelea stesheni enzi zake za ukarani wa reli, jicho moja kwenye tiketi na jingine kwa karani, lakini Mkaguzi wa leo ametulia tu juu ya mkono wake, vidole vimeng'ang'ania kidole chake cha shahada, mkia umejiviringa kwenye kifundo, la kushoto limefungwa, la kulia liko wazi, na hilo la kulia linamtazama nani, linamtazama Ahlam, maana Ahlam amesimama hapo hapo barazani mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu aolewe na Brightson, ameshika bomba la sindano lililotolewa sindano, ndani yake maji ya chumvi ya hospitali, na mzee anatazama kinyonga, anatazama sakafu, anatazama kamba ya nguo, popote pale isipokuwa uso wa mke wa mwanawe, kwa sababu kwao Rungwe baba mkwe na mkwewe hawatazamani, hawashikani mikono, hawapokezani kitu, ndivyo alivyozaliwa akakuta, mama yake mzazi alikuwa akitoka kuchota maji, ndoo kichwani, akisikia tu kikohozi cha babu njiani anajitosa migombani, maji yote chini, na yeye mtoto akicheka mpaka mbavu zinamuuma, na mama akirudi kuchota upya bila kununa, maana haikuwa chuki ile, ilikuwa heshima, heshima nzito kuliko ndoo yenyewe... "Mkaguzi," Ahlam anasema, kwa sauti ya chini, "mwambie baba ageukie jua kidogo," na mzee anageukia jua kidogo, kwa kuwa ndivyo wanavyoongea humu ndani, kwa kupitia kitu, zamani kwa kupitia Avelina, marehemu mke wake, ndiye aliyemkalisha huyu binti wa watu jikoni akamfundisha mila za nyumba, na Avelina alipoondoka ukabaki mlango, mlango, mwambie baba chai tayari, mlango, mwambie baba leo mvua asikae nje, na yeye akikohoa kabla ya kuingia sebuleni ili mwenziwe apate kupita upande wa pili, na sasa zamu ya ukarani imemwangukia kinyonga, masikini, na jicho lenyewe moja.

Tone la kwanza linaanguka, linatambaa juu ya kope, kope za ajabu hizi, watu husema macho hayana pazia, waliosema hivyo hawakumwona Mkaguzi, kope za juu na chini zimeungana zikafunika jicho lote, kumeachwa katikati kitundu kama punje ya mtama, na hicho kitundu ndicho kinachozunguka dunia nzima akiwa mzima, lakini leo kitundu kimezibwa na utando mkavu, na kibanda chote cha jicho kimezama ndani, kimenyauka, na yeye mzee, macho yake mawili na miwani juu, hakuona, hilo ndilo linalomshangaza mpaka kesho, alikuwa naye kutwa nzima, ndiye aliyemwokota kwenye ua wa michongoma watoto wa mtaa wakimpiga mawe, yeye ambaye kwao akikutana na kinyonga njiani mtu mzima anageuza safari, akamwokota huku moyo unampiga, akamjengea tundu la wavu na matawi, akampenda, basi kutwa nzima naye na alipomwona amefumba mchana akasema ni uzee, na wazee husinzia, mwacheni... aliyeona ni Ahlam, kutoka dirisha la jikoni, akiosha vyombo, aliona ulimi ukitoka ukapita pembeni ya panzi, ukatoka tena ukapita pembeni, na panzi kakaa tu anashangaa, aliona anavyolisugua shavu kwenye tawi upande mmoja, aliona hasogelei maji yanayoning'inia kwenye majani asubuhi, na mlango ukaambiwa, mlango, mwambie baba Mkaguzi si mzee, anaumwa jicho, kwa jicho moja hawezi kupima panzi yuko umbali gani, atakufa kwa njaa chakula kikiwa mbele yake. Akili gani hiyo, mtu anaosha masufuria na anapima ulimi wa kinyonga. Naye mzee badala ya kushukuru akakimbilia droo, akatoa ile dawa yake ya macho ya hospitali, yake mwenyewe, akaiweka mezani tayari kwa kumpaka, aliporudi na taulo dawa haipo, imerudishwa kwenye droo, juu yake kimewekwa kijiko, maana yake baba, usiguse, na jioni ile ile Ahlam kapanda bodaboda mpaka Kibamba, boksi lenye matundu mapajani, binti wa duka la vitambaa Temeke, aliyelelewa na mama anayemwita kinyonga lumbwi na kuomba kinga kwa Mungu akimwona, kaenda kwa Dokta Mudathir wa mifugo, mtu wa ng'ombe na kuku, na dokta hakucheka, alimulika tochi, akasema wazi kwamba huyu sijawahi kumtibu lakini nitauliza, akampigia mwenzake anayewajua, na majibu yakaja nyumbani kwa mlango, ameishiwa maji mwilini, na chakula chake ni cha aina moja, hakina nguvu ya kulinda macho, kwa hiyo panzi walishwe karoti na majani ya maboga kwanza ndipo naye awale, jua la asubuhi apate, na jicho lisisuguliwe, lisifunuliwe kwa kijiti, liloweshwe taratibu mpaka alizungushe mwenyewe, kinyonga huosha jicho lake mwenyewe kwa ndani akipata maji, hulitunisha kama puto dogo, akalizungusha, uchafu ukatoka, usishtuke ukiona.

Na tangu siku hiyo nyumba nzima inanuka karoti, Ahlam anazikwangua karoti kwa ajili ya panzi kwa utulivu ule ule anaokwangulia pilau, na panzi wananenepa, na mzee akipita uani, baada ya kukohoa, akiuona ule mkebe wa panzi umefunikwa kwa kitambaa safi, anasimama kidogo, anatikisa kichwa, kwa sababu alimpenda mkwe wake, hilo alilijua muda mrefu, alimpenda jinsi unavyompenda mtu unayemjua kwa vikombe anavyoviacha mezani, chai ina tangawizi kiasi anachotaka yeye na hakuwahi kusema kiasi anachotaka, kandambili zake za kuogea zimegeuzwa pua nje asiiname kuzigeuza, lakini ukimuuliza macho ya mkwewe yana rangi gani, hajui, haki ya Mungu hajui... na kwa siku zote hizi aliyekuwa akishika kinyonga ni Brightson kabla hajaenda kazini, na Brightson jana kasafiri kwenda Mbeya, na Mkaguzi akiuona mkono wa Ahlam unamjia anageuka mweusi tii, anajitunisha, anafungua mdomo, mkono wa mzee ndio anaoukubali, basi wakabaki wao wawili na kinyonga mmoja, na heshima yote ya Rungwe imesimama mlangoni haijui iingie au itoke. Tone la pili. Jicho kimya. Mkono wa mzee unaanza kutetemeka, ndiyo mikono yake ya siku hizi, hata kikombe hukiona kikicheza, na Mkaguzi anayumba, na tone linaangukia puani badala ya jichoni, na hapo Ahlam, bila kumtuma mlango wala kinyonga, anapeleka mkono wake wa kushoto chini ya mkono wa mzee, anauegemeza, vidole vya baridi kwa yale maji, vyenye hina iliyofifia kwenye kucha, na mwili mzima wa mzee unaruka ndani kwa ndani, mkono unataka kutoka, ushaanza kutoka, na anasikia, "Baba, safari hii usiutoe mkono."

Safari hii... safari hii kwa kuwa kuna safari ile, na hakujua kwamba kuna mtu mwingine duniani anaikumbuka safari ile, sebule ya Temeke, siku walipokwenda kujitambulisha, mazulia, ubani, sambusa kwenye sinia, Bi Bahiya mama wa binti kwenye kochi kubwa, kaka yake Muhannad karibu na mlango, na Ahlam mwenyewe, mwembamba, ushungi wa rangi ya maziwa, anapita kwa wageni mmoja mmoja, anamfikia yeye, anainama, anaushika mkono wake aubusu kama alivyofundishwa kwao kumheshimu baba wa mtu, na yeye akaupokonya, mbele ya watu wote aliupokonya kama aliyeunguzwa, kwa kuwa alifundishwa kwao kumheshimu mkwe, heshima mbili zikapigana vikumbo sebuleni, mpaka Avelina akachekacheka akaomba maji ya kunywa... hayo yalikwisha, Avelina alimweleza mtoto baadaye, kwetu ni hivi na hivi, na mtoto akaelewa, akazishika mila kuliko hata mabinti wa Tukuyu wa siku hizi wanaowapigia baba wakwe zao simu za video, kwa hiyo yamekwisha, kwa nini basi safari hii, kwa nini sauti ile ilikuwa na kitu ndani yake... koti. Mungu wangu, koti. Aliupokonya mkono na halafu akaufuta kwenye koti, anakumbuka sasa, anauona mkono wake mwenyewe ukishuka ubavuni na kujifuta, mara moja, mara ya pili, kwenye koti la suti la kijivu, mbele ya macho ya yule binti aliyekuwa bado ameinama, na mila ya kutoshikana Avelina aliieleza, lakini kujifuta nani alieleza, nani angeeleza, hakuna mila ya kujifuta, kujifuta mtu hujifuta uchafu. Kumbe hilo ndilo alilobaki nalo, miaka yote akipika chai ya tangawizi anampikia mzee aliyemfuta, akigeuza kandambili anamgeuzia mzee aliyemfuta, na je, alimwambia Brightson, hapana, hakumwambia, angemwambia Brightson angesema, hakumwambia mtu, kimya kingi kina mshindo lakini huyu kimya chake hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa na karoti, kilikuwa na kijiko juu ya dawa, binadamu wa namna gani huyu, mzee anajiuliza, moyo wa namna gani unaoweza kuweka jambo kama hilo na usichache.

"Hodi jamani, Ahlam upo? Mie Vaileth, umeme wangu umekata, niazime simu ninunue," sauti getini, jirani wa nyumba ya juu, na kwa kawaida mzee humshukuru Mungu kwa sauti ya Vaileth, mtu wa tatu akiingia, nyumba hulegea, pumzi hupita, mtu wa tatu ni daraja, lakini leo anajikuta anaomba asiingie, asiingie kwanza, ngoja, na Mkaguzi anasogeza mguu mmoja mbele, anaurudisha, anausogeza tena, ndivyo alivyo, hukanyaga hewa kwanza ndipo akanyage mkono, na Ahlam anajibu getini, subiri kidogo shoga, halafu kwa chini, macho yake yakiwa kwenye bomba, "Baba, nimwite Vaileth ashike yeye? Upumzike?" Haya, mlango ndio huo, umefunguliwa kwa adabu zote, akisema ndiyo hakuna atakayemlaumu, mkono utatoka kwa heshima yake, Vaileth atashika, jicho litaoshwa, saa sita atakohoa, atapita, chai itakuwa mezani, na kila kitu kitakaa kama kilivyokuwa, na yule binti atabaki ameinama kwenye sebule ile ya Temeke mpaka wamzike mmoja wao. Akalifikiria koti. Akamfikiria mama yake migombani, maji chini, akirudi kuchota upya. Macho aliyaacha palepale kwenye kibanda kilichofumba cha Mkaguzi, macho bado, hayo yangojee siku yake, mtu haruki hatua zote kwa asubuhi moja, lakini mkono haukuwa macho, mkono ulikuwa hapa, juu ya mkono wa mwenziwe, unatetemeka na umeegemezwa.

"Acha," alisema, na hakumwambia Mkaguzi wala mlango, alimwambia yeye, na sauti ilimtoka ngeni masikioni mwake. "Siku ile, mwanangu, mkono wangu ulikuwa na jasho."

Bomba likasimama hewani. Getini Vaileth alikuwa akiimba kidogo huku anangoja, na mahali fulani bondeni fundi alikuwa akigonga bati, na vile vidole vya baridi havikusogea, havikuondoka wala havikubana, vilikaa tu, na mzee akijua sasa kwamba hata jibu lisipokuja amekwisha sema, alikuwa na jasho, jasho la woga, mtu mzima na suti yake alimwogopa binti mwenye sinia la sambusa, hiyo ndiyo kweli yote na haina mila ndani yake. Halafu Ahlam akavuta pumzi, ndefu, akaisogeza ncha ya bomba karibu na ile kope.

"Mkaguzi," akasema, na sauti ilikuwa imelowa, "mwambie baba nimesikia." Tone likaanguka. Jicho halikufunguka bado, na mkono wa mzee ulibaki pale pale alipouegemeza mkwewe.