Ng'ombe wa Maziwa ya Melania

Mimi, Athanas, nilikuwa karani wa baraza la mtemi, nusu siku kwa miguu kutoka Didia, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: sikujua kusema sijui. Watu walinijia na maswali ya watoto zaidi kuliko ya mipaka ya mashamba. Mtoto wa dada yangu marehemu ni wa nani? Mjomba akimlea mpaka akaolewa, mahari anakula nani? Baba aliyekimbia akirudi, anampata? Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, nina kalamu na meza yenye droo, basi niliwajibu wote, tena upesi.

Mbuke alikuja mwaka 1947, wakati wa mavuno ya mtama, kichanga mgongoni. Mdogo wake, Limi, alikuwa amekufa akimzaa. Baba wa mtoto, Eustace, alikuwa Geita akichimba dhahabu, na hakuwa ametoa mahari yoyote. Mbuke mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto, na mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hiyo.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Niambie, huyu ni wa nani?"

"Mahari haikutolewa. Ni wa kwenu. Ukimlea wewe, ni wako."

Jibu hilo lilikuwa sahihi. Nalitaja kwa sababu, katika yote niliyompa, sahihi lilikuwa hilo moja tu.

Alimlea kwa uji mwembamba na maziwa ya kuombaomba kwa majirani. Kufikia mwezi wa tatu mtoto alikuwa ngozi na mifupa, analia bila sauti. Ndipo Eustace alipopata habari huko mgodini, akamtuma mtu anunue ng'ombe wa maziwa hapa hapa kwetu, mweusi mwenye paji jeupe, na kumpeleka kwa Mbuke pamoja na karatasi. Karatasi ilisema: huyu ng'ombe ni kwa ajili ya mwanangu, aliyempokea aweke dole gumba.

Mbuke aliniletea nimsomee. "Nikiweka dole, nitakuwa nimefanya nini?" aliuliza. Aliuliza maneno hayo hayo, sikuongeza wala sikupunguza.

Kwetu Wasukuma, mtoto aliyezaliwa nje hukombolewa kwa ng'ombe. Wa kwanza akipokelewa, mlango umefunguliwa. Siku baba akiwaleta waliobaki, anaondoka na mwanawe. Nililijua hilo kama nijuavyo jina langu. Lakini nje walipa kodi walikuwa wamejipanga juani wakinisubiri, na kichanga kilikuwa kinanyonya kidole cha Mbuke kana kwamba kitatoa kitu.

"Mayu, mama yangu, ni maziwa tu," nikamwambia. "Weka."

Akaweka.

Mtoto, aliyempa jina Melania, akanenepa. Watu wakaacha kumwita Mbuke kwa jina, wakamwita Mama Melania, naye akawa anaitika kabla hujamaliza kutamka. Kila akija barazani aliniletea kibuyu cha maziwa ya mgando, nami nilikunywa bila aibu. Mtoto alikaa chini ya meza yangu akifungua na kufunga droo. Nilimgombeza, akacheka, akafungua tena.

Mwaka 1953 Eustace alikuja amevaa viatu, nyuma yake ng'ombe watano. Alikuwa ameoa huko Geita na mkewe hakushika mimba. Alimtaka mwanawe, na shauri likaletwa barazani.

"Wewe ni nani wa mtoto huyu?" mzee wa baraza alimuuliza Mbuke.

"Mama yake."

"Mama yake alikufa. Wewe ni nani?"

"Mama yake mkubwa."

"Ng'ombe wa Eustace ulimpokea?"

"Nilimpokea."

"Ukamkamua?"

"Nikamkamua, mtoto akanywa. Mlitaka afe?"

"Na dole hili ni lako?"

Mbuke hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Ningeweza kusimama na kusema, wazee, aliuliza na mimi nikamdanganya. Nilikuwa na mke na mshahara, nikaogopa vyote viwili. Mzee akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu wakaitikia, nami nikaandika hukumu kwa mwandiko mzuri: mtoto ni wa Eustace, ng'ombe wa maziwa abaki kwa mlezi.

Melania alidhani anakwenda kutembea. Alimwambia Mbuke asimpe jirani kibuyu chake.

Miezi minane baadaye Mbuke alikuja akimvuta yule ng'ombe kwa kamba. Mbuke mwenyewe alikuwa amekonda.

"Karani, nikimrudisha ng'ombe, mtoto anarudi?"

Sheria haina mlango huo. Lakini ningemwambiaje mtu aliyekwisha kufunga mzigo wa safari? "Jaribu, mayu," nikasema, nikamwandikia kibali cha kupitisha ng'ombe mpaka Geita. Nililala vizuri usiku ule.

Alirudi baada ya wiki tatu, miguu imepasuka, mkononi ana kamba tupu. Alipovua kitambaa niliona kichwa kimenyolewa, na kwetu hakuna asiyejua maana yake.

"Surua," alisema. "Mwezi wa pili huu. Matanga walishamaliza."

"Mbona hawakuleta habari?"

"Niliwauliza. Wakasema habari ya msiba hupelekwa kwa wenye mtoto. Ng'ombe nimewaachia."

Nilitaka kulia mbele yake, nikaona hata hilo sina haki nalo. Yeye hakulia. Alikaa kwenye benchi la wenye mashauri, akapitisha kiganja kichwani, palipokuwa na vidonda vya wembe butu.

"Matanga yakiisha, wafiwa hunyolewa na ndugu," alisema. "Mimi nilikuta wembe umekwisha kupita. Nikaazima kwa mwanamke wa njiani, nikajinyoa mwenyewe. Hilo linahesabika, karani? Nimemlilia kama mama yake?"

Sikujua. Katika mila zote nilizojidai kuzijua, hilo sikuwahi kulisikia.

"Linahesabika, Mama Melania," nikamwambia.

Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ya hukumu. Kisha akaikunja kamba yake taratibu, akatoka kwenda kumuuliza mtu mwingine.