Mkono wa Koti

Mkasi wangu umenitia aibu siku moja tu maishani, lakini siku hiyo ilikuwa mbele za watu hamsini.

Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, tunashona chumba kimoja: cherehani mbili na dirisha moja tunaloligombania. Ukutani kuna misumari miwili. Karatasi za kaki zinazotundikwa kushoto ni za kukatia vielelezo vya nguo. Za kulia hazigusiki, maana zina vipimo vya wateja. Sheria hiyo niliiweka mimi na ninaisimamia kwa ukali. Sasa, wifi ana ugonjwa wake: anaandika hadithi. Anaandika kwa penseli juu ya kaki hizohizo, eti daftari linambana. Miaka saba anaandika, miaka saba namtania.

"Wifi, hiyo hadithi atakuja kuivaa nani?"

Anacheka, anaendelea.

Safari hii hakucheka. Maktaba ilitangaza siku ya waandishi chipukizi, naye akakubaliwa kupeleka hadithi moja. "Wakiniona sifai, wifi," aliniambia, "nazichoma zote. Nimechoka kujiandikia peke yangu." Aliyasema hayo akiwa na pini mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni hafungui kinywa kwa mzaha.

Nikamsindikiza, kwa udadisi zaidi kuliko mapenzi. Mwenye shughuli alikuwa mzee aliyesahihisha magazeti mpaka akastaafu, wanamwita Nukta. Alikuwa na sharti moja: hakuna anayesoma hadithi yake mwenyewe. Majina yanatiwa kwenye kofia, mwenzako anakusomea, na wewe unafunga mdomo mpaka mwisho.

"Hadithi inayomhitaji mwenyewe asimame aitetee, hiyo bado mbichi," alisema. "Irudishe jikoni, usiitupe."

Ya wifi ilimwangukia nesi mmoja aliyekuja na sare yake ya kazini. Akaikunjua ile kaki, akaanza. Mama mmoja mwanawe ameondoka akiwa na miaka kumi na minne. Mama anamshonea koti. Kila mwaka, siku ileile aliyoondoka, analifumua na kulipanua kwa kukisia: mwaka huu mabega yameongezeka, mwaka huu mikono imerefuka.

Jamani! Aliyekuwa akikohoa kule nyuma aliacha kukohoa. Maneno yale yaliandikwa karibu na kiwiko changu, huku mimi nikilalamika kwamba ananizibia mwanga! Nilimgeukia wifi nikamtazama kama mtu niliyetambulishwa kwake asubuhi ile.

Kwenye hadithi, hodi ikapigwa. Mama akalichukua koti, akaenda kufungua mlango. Nesi akafunua karatasi ya mwisho, akanyamaza. Alipoiinua, tuliuona uso wake kupitia tundu kubwa lililokuwa katikati.

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu umbo la tundu lile nililijua. Lilikuwa mkono, saizi ya kati, wa sare za walinzi. Wifi kwa haraka zake alikuwa ameitundika karatasi kushoto. Nami Jumatatu, bila miwani, niliona mistari ya penseli nikadhani ni vipimo vyangu vya zamani. Nikakata, nikaviringisha iliyobaki, nikairudisha msumarini, naye akaibeba hivyohivyo bila kuifungua.

Wifi aliinama, akaanza kufunga mkoba wake taratibu, na nilijua anapokwenda ni kwenye kiberiti.

"Msiondoke!" nilipiga kelele. "Nimeukata mimi. Ninao!"

Chumba chetu kiko mitaa miwili kutoka pale. Umri huu na miguu hii, nilikimbia. Niliurudisha mkono ule wa karatasi ukiwa bado umebanwa kwa pini kwenye kitambaa cha bluu. Nesi akajaribu kuusoma, akashindwa, maana chaki yangu ilikuwa imepita juu ya penseli ya wifi.

"Wewe uliyekata ndiye utakayesoma," Nukta akasema.

Maishani mwangu sijawahi kuwasomea watu chochote zaidi ya upana wa kiuno. Nikapiga moyo konde, nikasoma. Kijana ameingia, amelivaa koti. "Mikono ilimzidi, ikafunika vidole. Mama alikuwa amemkuza kuliko dunia ilivyomkuza. Akachukua mkasi..."

Hapo karatasi ikaisha. Kipande kilichofuata nilikipunguza ukingoni na kukifagia Jumanne.

Nikainua macho. Watu wazima wenye shughuli zao walikuwa wamekaa kwenye ncha za viti, wakisubiri neno moja juu ya koti ambalo halijawahi kuwepo. Nilishikwa na kicho ambacho sikukijua hata siku nilipozaa. Nikamtazama wifi aniokoe, lakini Nukta alikuwa amemwinulia kidole: sharti ni sharti.

Basi nikasema lile ambalo fundi yeyote analijua.

"Akauweka mkasi chini," nilisema. "Akaikunja ile mikono, mkunjo wa kwanza, mkunjo wa pili, akaishikiza kwa uzi mwepesi, ule unaofumuka. Maana nguo ya mtu ambaye bado anakua haikatwi."

Nesi alijifuta macho kwa mkono wa sare yake. Makofi yalipokuja, yalianzia kule nyuma, kwa yule aliyekuwa akikohoa, na yalidumu muda mrefu.

Nukta akamgeukia wifi. "Sasa sema. Ndivyo ulivyoandika?"

Wifi akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi niliandika kwamba alikata."

Nikafungua mdomo niombe radhi, kwa karatasi na kwa miaka yote saba. Hakunipa nafasi. Alichomoa penseli kwenye nywele zake, akanipokonya ule mkono na pini zake, akaulaza magotini.

"Rudia, wifi," akasema. "Polepole, niandike."