Santuri ya Mapengo

Mwaka 1984 Ladislaus alikuwa akisafisha mabehewa ya treni kule Hässelby, Stockholm, mwisho wa reli, huku akiimba muziki wa kantri kwa Kiswahili mpaka viti vinalainika. Huo si uongo. Uongo uko mbele.

Kila Jumapili Watanzania na Waganda walijazana sebuleni kwake Skärholmen. Anaimba mstari, ananyamaza, nao wanaitikia: "Ehee!" Kwao Bukoba mwimbaji asiyeitikiwa hufunga kinywa akaenda kulala. Waswidi ndio waliomshinda. Miaka tisa hakuna aliyemwitikia. Kila asubuhi alimwambia msimamizi wake, "Baridi leo, bosi," naye yule bwana anabana midomo na kuvuta pumzi ndani: "Shhup!" Basi.

"Maskini," Ladislaus humwambia mkewe Dafrosa, "jino linamuuma."

Siku ya kurekodi santuri yake ikafika. Bengt, mwenye studio ya chini ya ghorofa moja Farsta, alimpa siku nzima na mpiga gitaa, lile la kulazwa mapajani, linalolia kama mtu aliyepokea barua. Ladislaus akaimba mstari wa kwanza, akanyamaza, akakodolea macho kioo.

"Umesahau maneno?" Bengt akauliza.

"Naacha nafasi ya watu."

"Watu gani? Humu tuko watatu!"

"Watakaoinunua."

Zikaisha nyimbo kumi, zote na mapengo. Bengt akachukua wembe wa kukatia kanda. Ladislaus akaifunika kanda kwa kiganja.

"Ukiyakata hayo, utabakiwa na mtu anayejisemea peke yake."

Bengt akakuna masharubu. "Haya. Jumamosi tutaipiga dukani. Asipoitikia hata mmoja, nakata kabla haijaenda kiwandani."

Jumamosi hiyo duka la santuri pale Farsta lilijaa makoti.

"Baba Leokadia," Dafrosa akanong'ona, "niwapigie simu watu wetu waje wakuokoe?"

"Hao nawajua, mama. Nataka hawa."

Ukaanza wimbo wa mama yake akianika kahawa. Pengo la kwanza: kimya, hata theluji ilisikika ikiyeyuka kwenye viatu. La pili: kimya zaidi. Bengt akaingiza mkono mfukoni, uliko wembe. Ladislaus alihisi miaka yote tisa imemkalia kifuani.

Pengo la tatu, bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akainua uso. "Shhup!"

"Na huyu jino!" Dafrosa akasema.

"Jino gani?" Bengt alikuwa ameshageuka mweupe kuliko kawaida yake, na hiyo si kazi ndogo. "Kasema ndiyo! Huyo ni wa kaskazini. Kwao 'ndiyo' husemwa kwa kuvuta pumzi ndani."

Pengo la nne wakavuta pumzi watu arobaini kwa mpigo. Picha za ukutani zikabanduka, mlango ukafunguka wenyewe, na kofia ya polisi aliyekuwa akipita nje ikaingia dukani bila polisi. Bengt akautupa wembe kwenye pipa la taka.

Santuri ikatoka na mapengo yake yote, na haikukaa dukani. Redio ilipoipiga, mapazia kutoka Hässelby mpaka Farsta yaliinama kuelekea vinywani mwa watu, na mawingu ya Stockholm yakashuka kidogo. Usiyeamini, waulize shakwe, ndege wa baharini. Wao ndio walioumia.

Lakini Ladislaus ukimuuliza lipi lilikuwa kubwa kuliko yote, hataji redio. Hutaja Jumatatu iliyofuata ile siku ya dukani. Alifika kazini na ndoo yake, msimamizi amesimama palepale.

"Baridi leo, bosi."

"Shhup."

Ladislaus akaganda. Miaka tisa! Kila asubuhi aliyomjalia Mungu, huyu mtu alikuwa akimwitikia.

Akaweka ndoo chini, akavua kofia katika baridi ile ya kukata masikio.

"Ehee," akasema.