King'ora cha Fundi Asiyesikia

Mwizi aliingia saa nne asubuhi, mlango ukiwa umerudishwa tu, akabeba saa sita za wateja pamoja na redio, akaenda zake. Sekunde alikuwa chumba cha pili, ameupa mlango mgongo, lenzi jichoni, akisafisha saa ya mkononi ya nesi mmoja. Hakusikia kitu. Hakuwa amesikia kitu tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne.

Jina la Sekunde alipewa na mtaa. Akikuambia saa yako itakuwa tayari Alhamisi saa tisa, ukifika saa tisa na dakika moja unamkuta ameshaifunga kwenye karatasi na anakutazama kama umechelewa. Alikuwa na miaka arobaini na moja, akiishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mama yake: mbele duka, katikati karakana, nyuma jiko. Wenye zile saa sita aliwafuata mmoja mmoja kuwaeleza, na aibu hiyo ilimuuma kuliko hasara yenyewe.

Kaka yake alikuja siku hiyo hiyo. Alikuwa mwashi, mtu wa mwili wa kujaza mlango, na hakukaa hata kitini. Kwa alama za mikono walizozitumia tangu utotoni alimwambia ahamie kwake. Chumba cha uani kipo, na wifi yake yupo nyumbani kutwa. Sekunde alimpenda sana wifi yake, lakini alijua mwisho wa mambo ya chumba cha uani. Meza yake ya kazi ingegeuka meza ya vyombo, na wateja wangeambiwa waje siku nyingine. Akaomba mwezi mmoja tu, aweke king'ora.

"Utakisikia kwa masikio ya nani?" kaka akauliza kwa mikono.

"Nipe mwezi."

Akampa, shingo upande.

Kampuni ya kwanza ya ulinzi ilimtuma ofisa mwenye tai na jalada. Aliizunguka nyumba yote, akasifu madirisha, kisha akauliza simu ya mezani iko wapi, kwa sababu mtambo wao hupitisha taarifa kwenye waya wa simu hadi ofisini. Simu ya mezani haikuwepo, wala haijawahi kuwepo. Sekunde akamwandikia kwenye daftari: "Ya kazi gani kwa kiziwi?" Ofisa akasoma, akakohoa, akafunga jalada.

Kampuni ya pili haikutaka waya. Mtambo wao ulitumia laini kama ya simu ya mkononi, na Sekunde akapata matumaini mpaka alipofika ukurasa wa nne wa mkataba. King'ora kikilia, ofisi itampigia mwenye nyumba, naye atataja neno la siri kwa sauti yake mwenyewe. Asipolitaja, askari hawaji. Akaandika akiuliza kama neno hilo linaweza kutumwa kwa meseji. Mama wa mapokezi hakumjibu yeye. Aliinua simu akampigia kaka mtu, ambaye namba yake ilikuwa kwenye fomu, kuuliza kama dada yake anaelewa anachosoma. Sekunde alimsoma midomo neno kwa neno. Akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Wiki ya tatu alikwenda duka la vifaa vya umeme, kwa mzee mmoja ambaye saa yake ya ukutani aliwahi kumtengenezea. Mzee alimpangia maboksi matatu juu ya kaunta na kuandika sifa za kila moja nyuma ya risiti ya zamani. La kwanza lilitegemea intaneti ya nyumbani, ambayo Sekunde hakuwa nayo. La pili lilipiga kelele basi. La tatu lilikuwa na betri yake na nafasi ya laini, na lingeweza kutuma meseji kwa watu watano. "Hili halipigi kelele tu," mzee aliandika, "linaandika." Sekunde aliyasoma maneno hayo mara mbili, akalibeba boksi la tatu.

Alifanya kazi siku tatu. Aliweka sumaku mlangoni na kwenye kila dirisha. King'ora alikifunga nje kwa ajili ya majirani. Kwa ajili yake mwenyewe aliunganisha taa nyekundu juu ya meza, na kidude cha mtetemo alichokitoa kwenye simu mbovu akakifunga chini ya stuli yake. Akaingiza namba: yake, ya kaka, ya wifi, ya muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, na ya shangazi yake aliyekaa nyumba ya tatu.

Siku ya mwisho ya mwezi, kaka alikuja adhuhuri bila taarifa, akidhamiria kulimaliza jambo. Alizima umeme kwenye swichi ya nje, kama mwizi mjanja, kisha akazunguka nyuma. Dirisha la jikoni alilijenga yeye, na alijua nondo zipi zinafunguka. Akalivuta, akaingiza kichwa, bega, kisha tumbo. Tumbo likagoma.

Stuli ilitetemeka kama imepandwa na mashetani. Taa nyekundu ikawaka kwa betri ya boksi, na simu ikaandika: DIRISHA LA JIKO. Sekunde akatazama saa yake, akainuka, akamkuta kaka nusu ndani nusu nje, ameshikilia sinki kwa mikono miwili, hivyo hana hata mkono wa kujieleza. Muuza nyama alifika na aproni yake. Shangazi alifika kwa nyuma na ufagio, na hakusubiri kuona sura. Alianza na upande aliokutana nao.

Walipomchomoa, aliingia kwa mlango wa mbele akijipangusa, akaketi kwenye benchi la wateja. Sekunde akamwonyesha alichoandika: tangu mtetemo hadi ufagio, sekunde hamsini na nane.

Mikono ya kaka ikasema taratibu: "Kaa kwako. Nilikosea." Akaongeza: "Na mimi niwekee."

Kwa kaka ndiko alikoanzia kazi ya kuwafungia watu ving'ora. Wateja wa nne walikuwa mume na mke, viziwi wote wawili, wenye mtoto mchanga. Sekunde aliwafungia taa vyumba vyote, akatoka nje, akasukuma mlango. Nyumba nzima ikawaka nyekundu. Wale wawili wakainua mikono juu wakaitikisa hewani, jinsi viziwi wanavyopiga makofi, na Sekunde, bisibisi ingali mkononi, akainua ya kwake.