Marehemu wa Jikoni

Mwanasaumu alipata habari za kifo chake siku ya Jumanne, karibu na adhuhuri, akiwa bado ana nazi mbili za kukuna.

Aliyemletea alikuwa msichana wa Kibelgiji aitwaye Lotte, mmoja wa wanafunzi kumi na wanne wa chuo waliokuja Likoni kwa majuma mawili. Ratiba yao ilibandikwa mlangoni mwa jiko la shule, ili wapishi wajue siku za kuwapikia: siku nne za kupaka rangi ukuta, siku mbili za kutazama ndovu Shimba Hills, siku moja ya pomboo kule Wasini, na zilizobaki zimeandikwa ufuo tu. Ziara yenyewe iliitwa ya kujitolea. Nyamvula, msaidizi wa jikoni, alisema hawa wamejitolea kwelikweli, maana ufuo wa Shelly haujapata kukaliwa kwa bidii namna ile.

Ukuta wenyewe Mwanasaumu aliujua vizuri. Kila Julai kundi moja lilichora mti wenye matawi, na kila mwanafunzi akachovya kiganja kwenye rangi akakigonga pale, kikawa jani. Wakishaondoka, mlinzi aliupaka chokaa, kwa sababu kundi la Desemba nalo lilihitaji ukuta mweupe.

Lotte alikuwa afadhali kuliko wenzake. Aliingia jikoni bila kuitwa, akaomba kusaidia, akakaa juu ya mbuzi ya nazi kama anayepanda farasi. Nyamvula akageukia sufuria acheke kwa siri. Kama wageni wote, Lotte alimwita Mwanasaumu "Mama". Nyamvula pia alikuwa "Mama", na Caroline wa ofisini, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, naye alikuwa "Mama".

Siku hiyo alikuja na kijitabu chenye picha za watoto wa kituo kinachoendesha shule hiyo. Akafungua ukurasa wa Jalila, bintiye Mwanasaumu. Mwanasaumu alifurahi kuiona picha. Mtoto alikuwa amefunga mtandio vizuri. Lotte akaiweka simu juu ya maandishi, simu ikasoma kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula:

"Jalila ana umri wa miaka kumi na minne. Baba yake alifariki katika ajali. Mama yake aliugua kwa miezi mitatu na akafariki. Mpishi wa shule anampenda kama binti yake mwenyewe."

Lotte akaweka mkono kifuani, akamwelekezea Mwanasaumu kidole, macho yamemlengalenga. Alikuwa anashukuru.

Mwanasaumu akashusha kibao cha kukatia vitunguu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia samaki hotelini, lakini kwa neno hili kilitosha. "Me," akasema, akijigonga kifua. "Me, mama. Jalila mama."

"Yes," Lotte akamwambia, akamkumbatia. "Yes, Mama."

Lotte alipotoka, Nyamvula akanyoosha mkono.

"Marehemu," akasema, "nipe huo upawa."

"Koma, Nyamvula."

"Nakoma. Ila nataka kujua, kule ahera wali wapikwa na nani?"

Mwanasaumu alikausha mikono kwenye leso akaenda ofisini kwa mkurugenzi. Bwana Chrispine Garama alikuwa anakula korosho akipitia hotuba ya Jumamosi, siku ya kuwaaga wageni.

"Karibu, Bi Mwanasaumu. Chakula ki tayari?"

"Chakula kipo. Mimi ndiye sipo, nasikia nimekufa."

Garama hakushtuka. Hilo ndilo lililomuudhi Mwanasaumu kuliko kijitabu. Alivuta droo, akatafuta faili, akatoa fomu iliyoanza kupata rangi ya chai. "Huu mwandiko wa nani?"

Ulikuwa wake. Aliijaza miaka minane iliyopita, akiwa hata eda hajamaliza, baada ya lori kumponda Hashim kule Magongo akibadilisha gurudumu kando ya barabara. Palipoulizwa hali ya mtoto, aliandika kwa herufi nzuri: yatima.

"Niliandika yatima, na ni yatima," akasema. "Yatima ni mtoto aliyefiwa na babake. Nenda chuo cha Kurani kwa maalimu yeyote, atakwambia. Mtume wetu alizaliwa yatima, na mamake yu hai."

"Kwa Kiswahili cha kwenu, sawa. Kwa Kiingereza yatima ana neno moja, na neno hilo halibakishi mama. Caroline alilitafsiri tu."

"Na miezi mitatu ya kuugua? Hiyo nayo tafsiri?"

"Ilibidi ufe kwa kitu, Bi Mwanasaumu."

Akalisogeza bakuli la korosho upande wa Mwanasaumu, kama anayemkaribisha. Mwanasaumu hakuchukua.

"Nikwambie jambo moja," Garama akaendelea. "Hawa wamemchagua Jalila. Shule ya bweni, gredi ya kumi mpaka ya kumi na mbili, vitabu, nauli, sare, kila kitu. Mfuko wao ni wa watoto wasio na mtu. Sharti ndilo hilo, si langu. Ukifufuka, nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine. Jumamosi watu wote watakuwepo. Mimi sikuzibi mdomo. Simama useme."

Mwanasaumu alirudi jikoni, akakuna zile nazi mbili mpaka akakwangua na kifuu.

Hakuwa mjinga. Alijua mshahara wa mpishi haufiki bwenini. Lakini aliamini, na imani hii ndiyo aliyoijutia baadaye, kwamba mtu mzima akiambiwa kweli kwa adabu ataielewa. Lotte alikuwa na moyo. Mtoto wa mjane hana tofauti kubwa na mtoto asiye na mtu. Njaa yao ni moja. Angemwonyesha cheti cha kuzaliwa, angemwonyesha kitambulisho, na yule msichana angesema, basi, kosa la karatasi, turekebishe. Mwanasaumu alitaka vyote viwili: mtoto asome, na yeye awe hai.

Jioni, baada ya magharibi, alimwita Jalila aliyekuwa anafanya hesabu kibarazani.

"Jalila."

"Abee, mama."

Ndivyo alivyomfunza tangu utotoni. Hakutaka "ee", hakutaka "nini", wala hakutaka "abee" tupu kama ya mtumishi. Itika, kisha umtaje unayemwitikia. Majirani walimsifu kwa malezi hayo, na yeye hakujifanya hasikii.

"Keti. Wajua kilichoandikwa kwenye kile kitabu cha wageni?"

Mtoto aliangalia kalamu yake. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu gredi ya saba. Kile cha mwaka juzi kilikuwa vivyo hivyo, ila uliugua mwezi mmoja."

"Miaka miwili. Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mama? Nije nikwambie umekufa?"

Mwanasaumu alisema kwamba Jumamosi angesimama, angeonyesha cheti, angemwita mbele ya watu, naye aitike kama anavyoitika nyumbani. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Jalila akafunga daftari. "Wakinikataa, nitasoma wapi?"

"Mungu hamtupi mja wake."

"Hapo umeshindwa, mama. Ukishindwa ndipo husema hivyo."

Siku nyingine angepigwa kibao. Siku hiyo Mwanasaumu alinyanyuka akaenda kuchochea makaa yaliyokuwa yakiwaka vizuri.

Jumamosi ilikuwa na viti vya kukodi na turubai. Wageni walivaa leso walizonunua ufuoni, wavulana wamezifunga viunoni, wasichana mabegani, na mmoja alikuwa amejitanda leso ya maneno *Mgeni njoo mwenyeji apone*, bila kujua imeandikwa nini. Watoto waliimba. Garama alihutubu, akaushukuru mti ukutani na kila kiganja kilicho juu yake. Akina mama wengine wa watoto wa kituo walikuwa nje ya uzio, wanauza mihogo ya kukaanga, na hakuna aliyeingia. Mwanasaumu aliwatazama siku ile kwa jicho jipya. Hata wao, kumbe, walikuwa maiti wenzake, na walishazoea.

Lotte alisimama na kipaza sauti akalitaja jina la Jalila. Makofi yakapigwa. Mtoto akaenda mbele, amevaa buibui jipya, akapewa bahasha.

Ndipo Mwanasaumu alipotoka jikoni. Alikuwa amevua aproni. Cheti alikishika mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni kilimokaa miaka yote kisiliwe na unyevu. Alipita katikati ya viti mpaka mbele, akasimama mbele ya Lotte, akasema yale aliyoyafanyia mazoezi siku tatu.

"I am not dead. This my child. I born her."

Lotte akatabasamu, kisha tabasamu likapungua. Akamtazama Garama. Garama akatazama hotuba yake.

"Jalila," Mwanasaumu akaita. "Njoo hapa."

Jalila akaja. Lotte akainama kidogo, akamwuliza kwa Kiingereza cha polepole, swali ambalo hata Mwanasaumu alilielewa lote: huyu ni mama yako?

Mtoto alimtazama mamake. Halafu, kwa Kiingereza kizuri, kilekile ambacho Mwanasaumu alikisifia kwa majirani, akasema, "She is my aunt. She raised me. In our culture the aunt is also called mother, so she says she gave birth to me. It is a way of speaking."

Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akauchukua ule mfuko wa nailoni kwa adabu, kama mtoto anayempokea mkubwa mzigo. Akaubusu mkono uliokuwa umeushika.

"Abee, shangazi," akasema.

Mwanasaumu angeweza kuunyakua ule mfuko. Cheti kilikuwa umbali wa dhiraa moja, na jina lake lilikuwa ndani, na mhuri, na tarehe. Kukifungua kulikuwa kazi ya dakika moja. Lakini akikifungua, yeye atakuwa hai na mwanawe atakuwa mwongo mbele ya watu mia, wageni kwa wenyeji, na bahasha itarudi mezani.

Akaushusha mkono.

"Naam," akasema kwa Kiswahili. "Mimi shangazi yake."

Lotte alilia. Akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, rafiki yake akapiga picha, na watu wakapiga makofi kuliko mwanzo. Mila kama hiyo ilikuwa imewagusa. Mmoja wao alitoa daftari akaiandika.

Walipofika mlangoni kwao Jalila akaanza, "Mama—"

"Mama gani?" Mwanasaumu akasema, akitafuta ufunguo. "Mamako kaugua miezi mitatu."

Alijua ni neno baya. Hakulirudisha. Mtoto alilia ndani mpaka isha, na Mwanasaumu alikaa kibarazani akachagua mchele ambao haukuwa na mchanga.

Wageni waliondoka Jumapili. Jumatatu asubuhi mlinzi alikuwa ameshakoroga chokaa. Mti ulikuwa umeisha mpaka kiunoni, na viganja vya juu ndivyo vilivyobaki. Mlinzi huyo aliitwa Babu, na hakuwa babu wa mtu, alikuwa na miaka thelathini. "Afadhali rangi ya mwaka huu," alimwambia Mwanasaumu alipopita. "Haisumbui kufunika."

Caroline alikuwa na fomu ya ufadhili mezani. Alisema angeweza kuijaza mwenyewe, Bi Mwanasaumu atie sahihi tu. Mwanasaumu akavuta kiti.

"Mwandiko wangu ndio ulioanza," akasema. "Nipe kalamu."

Jina la mtoto. Jina la baba: Hashim, marehemu. Jina la mama. Akaandika lake kamili, majina yote matatu, kwa herufi zilezile nzuri, na mbele yake akaandika marehemu. Mahali pa mlezi akaandika jina la wifi yake wa Mtopanga, dada yake Hashim, aliyemwacha Jalila alale kwake sikukuu mbili katika maisha yake yote. Hakuwa na jina jingine la kuandika. Lake lilikuwa limeshatumika pale juu. Caroline akaigonga mhuri bila kumtazama.

Jikoni Nyamvula alikuwa ameshaosha mchele. Alimwona uso, akampa upawa. Wakapika. Maharage yalipoiva Mwanasaumu alitoka mlangoni, akauona msururu wa watoto umekaa ovyo, na Jalila, mkubwa wao, amesimama mbali karibu na ukuta mweupe unaokauka.

"Jalila," akaita. "Njoo uwapange wenzako."

Mtoto akageuka. Midomo yake ikafunguka, ikangoja. Garama alikuwa dirishani. Watoto wote walikuwa wanasikiliza, maana yaliyotokea Jumamosi waliyaona.

"Abee," Jalila akaitika, akakomea hapo.